Tuuze shamba la mama ili tumpeleke mdogo wangu India?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji, mkoani Kigoma. Nina umri wa miaka 36, na ndiye mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wanne. Baba alifariki nikiwa bado chuoni, na tangu wakati huo mambo ya nyumbani huamuliwa na mama, ingawa kabla ya kuamua hunitazama mimi kwanza. Ninakuandikia kwa sababu safari hii amenitazama na mimi sina la kusema.

Anayenifuata ni wa kike, ana miaka 25. Kwa miaka minne amekuwa akinunua dagaa mwaloni Kibirizi, akiwaanika na kuwauza kwa wafanyabiashara wanaowasafirisha nje ya mkoa. Ni mtu wa kuamka saa 10 alfajiri ili mitumbwi iingie akiwa amekwisha kufika. Mwaka jana alianza kuchoka ovyo. Tulidhani ni malaria, akameza dawa. Tukadhani ni upungufu wa damu, akanywa dawa za kuongeza damu. Baadaye niliona mwenyewe kwamba hawezi kupanda mteremko wa kutoka ziwani bila kusimama mara tatu, na kila akisimama hujifanya anafunga kanga upya. Usiku halali chali. Huegemea ukuta akiwa na mito miwili mgongoni, na ukiingia chumbani kwake utaona doa la mafuta ya nywele ukutani, pale kichwa chake kinapogusa kila siku.

Hospitali ya mkoa ilimpa rufaa, tukaenda Dar es Salaam. Huko alipigwa picha ya moyo wanayoiita ECHO, tukaambiwa kwamba vali yake ya mitrali, yaani mlango mmojawapo wa damu ndani ya moyo, imekakamaa na njia ya damu imekuwa nyembamba, na kwamba chanzo ni homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni. Daktari alimwandikia vidonge, akasema kikao cha madaktari kitaamua kama vali itapanuliwa au itabadilishwa, nasi turudi baada ya wiki sita. Tulirudi nyumbani kwa treni kusubiri, na hapo ndipo mjomba alipotuletea wakala.

Wakala huyu hupeleka wagonjwa India. Alikuja na karatasi moja yenye picha ya jengo refu la vioo, na chini yake imeandikwa kwamba upasuaji wa kubadilisha vali ni dola 6,500, kila kitu ndani. Kwa shilingi zetu ni karibu milioni 17, bila nauli. Anasema huko hakuna foleni, madaktari wake wanafanya kazi hiyo kila siku, na mgonjwa hurudi akiwa mzima kabisa. Anataka tutoe shilingi milioni 2 kabla ya mwisho wa mwezi ili atushikie nafasi. Mama ana shamba la michikichi Simbo, ekari 4, na mnunuzi aliyekwisha kulitembelea anatoa milioni 19. Ni shamba hilo linalotupa mawese ya kuuza, na ndilo linalowasomesha wadogo zetu wawili walio sekondari. Mshahara wangu unaujua. Nina bima ya afya ya mtumishi, lakini mdogo wangu hayumo katika kadi yangu.

Utauliza kwa nini tusingoje Dar es Salaam. Miaka sita iliyopita baba yetu mdogo alifanyiwa upasuaji wa ngiri katika hospitali moja hapa nchini na akafariki siku ya tatu, na hakuna aliyetukalisha chini kutueleza kilichotokea. Mama ameapa kwamba hatakubali mtoto wake apasuliwe humu nchini.

Kuna jambo jingine. Posa ya mdogo wangu ilikwisha kuletwa na watu wa Kasulu, na mama anataka atibiwe kimyakimya, arudi, ndoa ifungwe. Mwenyewe ukimuuliza anasema, "Mtakavyoamua." Mjomba naye ananiambia kwamba mtu anayepima shamba dhidi ya uhai wa dada yake ana walakini. Mama Mshauri, nikikataa shamba lisiuzwe na mdogo wangu akafa, nitaishije? Na tukiuza, kisha akafa huko ugenini, nitamwambia nini mama?

Kaka wa Ujiji

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye lile doa la ukutani. Mtu anayeliona doa kama hilo hapimi shamba dhidi ya uhai wa dada yake, na hilo unaweza kumwambia mjomba wako kwa heshima zote.

Nianze kwa kurudia nilichoelewa, ili kama nimekosea unisahihishe. Mdogo wako ana ugonjwa wa vali ambao si wa kungoja miaka. Mna njia mbili mbele yenu: moja ni Dar es Salaam, ambako mmekwisha kuanza lakini mama haiamini, na nyingine ni India, ambayo mama anaiamini lakini itachukua shamba. Wewe umeachiwa kuchagua kati ya mbili hizo, huku wakala akiwahesabia siku. Mimi si daktari, na hata ningekuwa daktari nisingeweza kusema neno kuhusu moyo ambao sijauona. Ninachoweza ni kukaa nawe na kugeuza mambo machache ambayo, nionavyo, yamechukuliwa kuwa yamekwisha kujulikana.

La kwanza ni hili: mmeletewa bei ya kubadilisha vali kabla hamjajua kama vali itabadilishwa. Wewe mwenyewe umeandika kwamba daktari alitaja mambo mawili, kupanua au kubadilisha, na tofauti yake ni kubwa mno. Vali ya mitrali iliyobanwa na homa ya baridi yabisi, kama umbo lake bado linaruhusu na haivujishi sana, huweza kupanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa katika mshipa wa damu wa pajani hadi ndani ya moyo, bila kupasua kifua. Mgonjwa hukaa hospitali siku chache tu, na hubaki na vali yake mwenyewe. Si kila vali inafaa kwa njia hiyo, na hilo ndilo hasa kile kikao kinapaswa kulitazama kutokana na ile ECHO. Karatasi ya wakala haina neno hata moja kuhusu puto. Sisemi anawadanganya, ila nashangaa alijuaje kinachohitajika kabla ya kikao hakijakaa.

Kuhusu India yenyewe, mama hajakosea kuiheshimu. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wa moyo walipelekwa huko, wengine kwa gharama za serikali, na wengi walirudi wakafanya kazi na kulea watoto. Unafuu wa bei zao pia hautokani na uzembe. Hospitali kama ile ya Dk. Devi Shetty ya Bengaluru, iliyoanza mwaka 2000, zilijengwa juu ya wazo kwamba timu ikipasua mioyo mingi kila siku, mikono inazoea na gharama ya kila mgonjwa inashuka. Lakini India ni nchi kubwa yenye hospitali za kila namna, na jengo la vioo halisemi lolote. Kinachoweza kuulizwa ni kama hospitali ina ithibati ya NABH, ambayo ni ya India yenyewe, au ya JCI, ambayo ni ya kimataifa, na jina la daktari atakayepasua. Hospitali nyingi za huko zina ofisi ya wagonjwa wa kigeni inayopokea ripoti kwa barua pepe na kurudisha makadirio ya maandishi. Wewe ni mwalimu, barua hiyo unaiweza mwenyewe, na ukishaipata utaiweka kando ya karatasi ya wakala uone kama zinafanana. Mara nyingi wakala hulipwa kamisheni na hospitali anayoipelekea mgonjwa. Si dhambi, na wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa uaminifu, lakini ni vizuri kujua kwamba anayekwambia "hapa ndipo pazuri" huenda ana malipo pale. Akikataa kukupa jina la hospitali na la daktari kabla ya milioni 2, hilo nalo ni jibu.

Halafu kuna maneno "kila kitu ndani". Makadirio kama haya huhesabu siku fulani za kulala, baadhi yake zikiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Moyo ukichelewa kutulia, au kidonda kikipata maambukizi, kila siku inayozidi inalipiwa. Ongeza nauli za watu wawili, kwa maana hawezi kwenda peke yake. Ongeza pasipoti, viza ya matibabu yake na ya msindikizaji, chumba cha kupanga karibu na hospitali na chakula, kwani baada ya kutoka wodini atakaa hapo hadi daktari aridhie apande ndege, na hizo huwa ni wiki. Umeandika milioni 19 za shamba na milioni 17 za matibabu. Katikati kuna milioni 2, na hizo nauli peke yake inaweza kuzimaliza. Likitokea la kutokea mkiwa ugenini, shamba litakuwa limekwisha kuuzwa, na hakuna wa kumpigia simu isipokuwa wewe.

Sasa niseme kuhusu jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyeligusa katika barua yako, na ambalo mimi ningelikalia kuliko yote. Wakala anasema mgonjwa hurudi akiwa mzima kabisa. Mtu aliyebadilishiwa vali hurudi akiwa na nafuu kubwa, lakini hurudi pia na kazi ya maisha, na kazi hiyo ataifanya Ujiji.

Vali za kuwekewa ziko za aina mbili. Ya chuma hudumu miaka mingi sana, lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo mwenye nayo hunywa kila siku, hadi mwisho wa maisha, dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, ambayo kwa kawaida ni warfarini. Dawa hiyo hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Ikiwa chini, bonge la damu linaweza kukimbilia kichwani na kumpooza. Ikiwa juu, anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Mwanzoni kipimo hufanywa kila baada ya siku chache, na hata mambo yakitulia hakiachwi. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Hakatazwi kuvila, ila inabidi avile kwa kiasi kisichobadilika sana, asile sufuria nzima wiki hii na wiki ijayo asiguse. Dawa nyingi za maumivu na za miti shamba nazo huivuruga. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza India ni dola ngapi, ningeenda kwanza Hospitali ya Mkoa ya Maweni na kuuliza: kipimo cha INR kinafanyika hapa? Kinafanyika siku zote, au vitendanishi vinapokuwepo tu? Kisipokuwepo, cha karibu kiko wapi na nauli ni kiasi gani? Majibu hayo yatakuwa yale yale, awe amepasuliwa Chennai au Dar es Salaam.

Aina ya pili hutengenezwa kwa nyama ya mnyama, ya ng'ombe au ya nguruwe, na kwa kawaida haihitaji warfarini ya maisha. Kama nyumba yenu ni ya Waislamu, suala la nguruwe mtalizungumza na daktari mapema, wala si jambo la kuonea aibu. Tatizo la vali hii ni kwamba huchakaa, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi kuliko kwa mzee, hivyo mtu wa miaka 25 akiwekewa ajue kwamba atarudi mezani tena.

Na hapa ndipo posa inapoingia. Mama anaiona ndoa kama kitu kinachokuja baada ya matibabu, ilhali ndoa inaweza kuamua ni matibabu gani. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na kuiacha ghafla kunaihatarisha vali ya mama. Mimba yenyewe, juu ya vali iliyobanwa na isiyotibiwa, ni mzigo ambao moyo unaweza kushindwa kuubeba. Wapo wanawake wenye vali za kuwekewa waliozaa salama, lakini walipanga na madaktari kabla ya kushika mimba. Daktari asiyejua kwamba binti huyu ameposwa atamchagulia vali kama mtu asiyetaka mtoto. Kwa hiyo siri ya mama, ambayo naelewa imetoka kwenye mapenzi na hofu ya binti kukataliwa, huenda ikamgharimu mdogo wako kuliko shamba. Watu wa Kasulu waambiwe lini, na nani, ni shauri la nyumba yenu. Daktari aambiwe mapema iwezekanavyo.

Nirudi kwa hofu ya mama, kwa sababu bila yeye hakuna litakalokwenda. Msiba wa baba yenu mdogo ulikuwa mzito, na kuachwa bila maelezo ni jeraha la pili juu ya la kwanza. Nisingethubutu kumwambia asahau. Ila ningemwuliza polepole: kinachomwogopesha ni nchi, au ni ile siku ya tatu ambayo hakuna aliyekuja kusema naye? Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyo ndani ya eneo la Muhimbili, ilifunguliwa mwaka 2015, na kazi yake ni moyo tu. Hupanua vali kwa puto na hubadilisha vali. Haifuti yaliyompata baba yenu mdogo, lakini wala si mahali pale pale. Labda siku ya kikao mama aende naye. Akae mbele ya daktari aulize mwenyewe wagonjwa wangapi kama huyu wamewafanyia mwaka huu, wangapi wamepoteza, na nani atakuja kuzungumza naye kama mambo yakiharibika. Anayo haki ya kuyauliza. Akitoka pale bado hataki, angalau atakuwa amekataa kitu alichokiona.

Najua Kigoma hadi Dar es Salaam si safari ya kwenda na kurudi kirahisi. Treni ni zaidi ya siku nzima, na kwa mgonjwa asiyeweza kulala chali ni adhabu. Wengine sasa huenda kwa basi hadi Dodoma na kumalizia kwa treni ya SGR, ambayo imekuwa ikifika huko tangu mwaka 2024, na mgonjwa hupumzika usiku mmoja katikati. Ulizeni pia Maweni kama madaktari wa moyo wa Tiba Mkoba, wale wanaozunguka mikoani, wana ratiba ya kufika kwenu. Kuhusu fedha, hospitali zetu za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii, ambako familia isiyoweza kulipa yote husikilizwa; hakuna ahadi kwamba watapunguziwa, na huombwa barua za serikali ya mtaa, kwa hiyo zichukueni kabla ya kusafiri. Kikao kikisema kwamba anachohitaji hakipatikani nchini, mnaweza kuuliza kuhusu rufaa ya nje kupitia Wizara ya Afya. Njia hiyo ni ndefu, lakini anayekwenda nayo huenda na faili lake, na akirudi kuna daktari anayemjua.

Wala sisemi msiende India kwa fedha zenu. Inawezekana kikao kikasema vali ibadilishwe, foleni ikawa ndefu kuliko moyo wake unavyovumilia, na makadirio uliyoyapata mwenyewe yakawa ya kweli. Familia nyingi zimefanya hivyo na hazikujuta. Hapo swali la shamba litarudi, na huenda likaja kwa sura nyingine: kuuza ekari 2 badala ya 4, au kulikodisha kwa misimu kadhaa, au mjomba mwenye ari kuchangia. Mnunuzi anayeona mgonjwa ndani ya nyumba hutoa bei ya mgonjwa. Lakini kukaa tu nako kuna hatari yake. Asikose vidonge vyake hata siku moja, na mumuulize daktari kama anahitaji ile sindano ya penisilini ya kila baada ya wiki 3 au 4 inayozuia homa ya baridi yabisi isirudi. Meno yake yatazamwe hapo hapo Kigoma, kwa sababu jino bovu linaweza kupeleka vijidudu kwenye vali na madaktari wengi hutaka litibiwe kabla ya upasuaji. Akianza kuvimba miguu, kukohoa damu, kusikia moyo ukidunda bila mpangilio au kulegea upande mmoja, msingoje wiki sita wala wakala. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Umeniuliza utaishije ikiwa hivi, na utamwambia nini mama ikiwa vile. Maswali hayo yote mawili yanakuweka wewe katikati, na katika barua nzima mdogo wako ana neno moja tu, "Mtakavyoamua". Sijui kama ni uchovu, au adabu, au anajua gharama ya shamba kuliko mnavyodhani na anaogopa kuitwa aliyelimaliza. Kabla ya kumjibu mjomba, kaa naye jioni moja pembeni mwa ule ukuta, mama asiwepo. Usimuulize India au Dar es Salaam. Muulize kama anataka kuwa na watoto, anaogopa nini akifikiria kupasuliwa, na nani angependa awe amekaa kando ya kitanda akizinduka. Hayo utakayoyasikia ndiyo utakayoyapeleka kwenye kikao pamoja na picha za ECHO, ambazo naamini mmezitunza mahali pakavu.

Wakala mwambie utampa jibu baada ya kikao. Na majibu ya kikao yakitoka, niandikie tena. Kama kuna neno la kidaktari msilolielewa, linakili kama lilivyoandikwa.

Mama Mshauri